Kizuka wa Kileleshwa

Kila Alhamisi nyanya yangu alifua kikoi cha mwanamume ambaye hakuwapo. Kilikuwa cheupe chenye mistari ya buluu pembeni, kimechakaa hivi kwamba ukikiinua juani unaona miti ng'ambo yake. Alikifua mwenyewe katika karai, hakuruhusu mtu mwingine akiguse, kisha akakianika nyuma ya nyumba yetu ya serikali pale Kileleshwa. Alasiri alikikunja na kukirudisha chini ya mto wake.

Tulihamia nyumba ile muda mfupi baada ya uhuru. Baba alikuwa karani katika ofisi moja mjini, na wazungu walipoanza kuondoka, makarani waliopandishwa vyeo walipewa nyumba walizoacha. Vyumba vilikuwa vikubwa na vya baridi, sebuleni mlikuwa na meko ya ukutani ambamo Mama alipanga masufuria, na ua mrefu wa michongoma ulitukinga na barabara. Sisi tulitoka Mji wa Kale, Mombasa, mahali ambapo jirani akipiga chafya unamwombea rehema ukiwa kitandani kwako. Kileleshwa mtu angeweza kufa na jirani asijue mpaka majani yaote mlangoni.

Nilikuwa msichana mkubwa tayari, darasa la saba, lakini kikoi kile nilikiogopa. Upepo wa mchana ulipovuma kilijaa na kusimama kwenye kamba kama kina kiuno ndani yake. Nikitoka shule nilizungukia upande wa mbele ili nisipite karibu nacho.

Mwenye kikoi alikuwa babu yangu, mume wa Nyanya. Alikuwa baharia, mchochea makaa katika meli za mvuke, na Baba alimwona mara ya mwisho akiwa mtoto wa miaka saba. Meli aliyoondoka nayo ilirudi Mombasa bila yeye. Wenzake wengine walisema aliugua akaachwa katika bandari ya mbali, wengine walisema alianguka majini. Hakuna aliyesema amemwona akifa. Kadhi alimwambia Nyanya kwamba angeweza kuivunja ndoa ile ili aolewe tena, maana alikuwa bado kijana na posa zilikuwa zikija. Nyanya alimshukuru kadhi, akarudi nyumbani, na posa akazikataa moja baada ya nyingine mpaka zikakoma zenyewe.

Kila mwezi wa Shaabani Baba aliandaa hitima ya kuwarehemu wafu wetu. Alimwalika maalim mmoja aliyesomesha watoto Kurani karibu na msikiti mkubwa wa mjini, mtu mpole mwenye sauti ya chini. Kabla ya kuanza kusoma, maalim aliuliza majina, na Nyanya aliyataja akiwa nyuma ya pazia: mama yake, baba yake, baba mkwe, mama mkwe, na wengine wa nyuma yao. Ukoo wetu wote niliujulia pale, kwa kusikia majina ya watu waliokufa. Na kila mwaka, mwishoni, maalim aliuliza kwa adabu, "Na mzee mwenyewe, je?"

"Huyo hayumo," Nyanya alijibu.

Siku moja nilimuuliza Baba kama babu yu hai. Alikuwa anapaka viatu rangi barazani. "Amekufa," alisema.

"Sasa mbona Nyanya hamtaji?"

"Nyanya yako hajaona maiti." Akaendelea kusugua kiatu ambacho kilikuwa kimeshang'aa.

Miaka ikapita. Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilimaliza chuo cha ualimu nikapelekwa shule ya msingi huko Waithaka, ambako wakati ule kulikuwa bado mashamba ya kabichi na ng'ombe waliofungwa kando ya njia. Katika darasa langu alikuwamo msichana aliyekuwa akipigwa na walimu kwa uvivu. Niligundua kwamba hakuwa mvivu, macho yake hayakuona ubao. Nilimhamishia mbele, nikamwita mama yake tukazungumza juu ya miwani.

Mama yule alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mwenye shamba dogo. Nilipomtazama mara ya kwanza nilipatwa na fadhaa nisiyoielewa. Nilihisi kwamba ni mtu niliyemjua nikamsahau, na kwamba atanilaumu. Nikaomba radhi bila sababu. Alicheka tu.

Muhula ulipofungwa alikuja na kuku jike mwekundu amemkumbatia.

"Mwalimu, hii kuku ni yako. Usikatae, utanikasirisha."

Kuku nilimpeleka nyumbani, nikamweka jikoni sakafuni, nikaenda kubadilisha nguo. Niliporudi, Nyanya alikuwa amepiga magoti mbele ya kuku yule, mikono yake imesimama hewani.

"Nani kamfunga kuku huyu?"

"Mama ya mwanafunzi wangu mmoja."

"Mtu wa wapi?"

"Wa Waithaka, Nyanya. Mkikuyu."

"Na nani kamfundisha kufunga hivi?"

Nikatazama miguu ya kuku. Kamba ya mkonge ilikuwa imezungushwa mara tatu, kisha ikakunjwa kitanzi kilichorudi chini yake chenyewe. Kuku akivuta, fundo linakaza. Ukivuta ule mkia mfupi uliobaki, lote linafumuka mara moja. Nililijua fundo lile. Baba alifunga hivyo masanduku yetu siku tulipohama Mombasa, na alifunga hivyo chandarua chake kila siku. Nilikuwa nikidhani watu wote hufunga hivyo.

"Ni fundo tu, Nyanya."

"Si fundo tu."

Alimpakata kuku yule, akakaa kwenye kibao cha mbuzi, kile cha kukunia nazi, mpaka Baba alipotoka kazini. Kuku alikuwa amesinzia. Baba aliingia jikoni akiwa bado na koti, akatazama, akachutama. Alinyoosha kidole kuelekea ule mkia wa kamba kisha akakirudisha, kama mtu aliyekaribia moto.

"Yeye ndiye aliyenifunza," alisema. "Tulikaa kwenye ngazi za forodhani. Alisema ni fundo lake, amelibuni mwenyewe, hakuna baharia mwingine anayelijua."

Hakuna aliyetaka kulifungua. Mwishowe Mama, ambaye ndiye pekee aliyebaki na akili timamu mle ndani, alichukua kisu akaikata kamba. "Kuku amekosa nini?" alisema.

Shule zilipofunguliwa nilimwomba mwanamke yule abaki kidogo baada ya watoto kwenda. Tulikuwa peke yetu darasani. Nilimuuliza ni nani aliyemfundisha fundo lile.

"Baba yangu. Yeye hakuwa mtu ya hapa. Alitoka kwa maji."

"Baharini?"

"Ndiyo. Alikuwa anaogopa hata mto. Mvua ikinyesha sana, anafunga dirisha."

Alinieleza bila kuficha, kwa kuwa hakujua bado kwamba kulikuwa na kitu cha kufichwa. Baba yake alifika Nairobi akiwa amekimbia meli. Alipata kazi ya kuchochea moto katika dobi moja kubwa mjini, akakutana na mama yake aliyekuwa akiuza mboga pale nje. Wazee wa mama hawakutaka Mwislamu, basi akabatizwa, akapewa jina jipya, akajenga Waithaka. Mama yake alikuwa amefariki siku nyingi. Baba yake naye alifuata, baada ya uhuru.

"Baada ya uhuru lini?"

"Si mbali. Bendera ilikuwa bado mpya."

Wakati huo sisi tulikuwa tumeshahamia Kileleshwa. Kutoka kwetu hadi kwao mtu mwenye miguu mizima hutembea asubuhi moja tu.

Nilichukua chaki, nikaanza kuchora ukoo ubaoni kama tulivyofundishwa kuwachorea watoto. Nilimweka baba yake katikati. Upande wa kushoto nilimwandika mama yake, na chini yao yeye. Upande wa kulia nilisita, kisha nikamwandika baba yangu. Mwanamke yule alisoma jina la baba yangu polepole, akanitazama, akatazama tena ubao. Aliketi kwenye dawati la mtoto, magoti yakamfika kifuani.

"Kwa hiyo mimi nina ndugu," alisema.

"Ndiyo."

"Na wewe ni mtoto wangu."

"Ndiyo, shangazi."

Halafu akaniambia, "Andika huko juu pia. Andika mama ya baba. Mimi nilipewa jina yake, kwa sababu kwetu msichana wa kwanza hubeba jina ya nyanyake, mama ya babake. Baba mwenyewe ndiye alitaja."

Shuleni watu walimwita kwa jina la mtoto wake, kwa hiyo sikuwa nimelijua lake. Alilitaja. Chaki yangu ilikwama ubaoni. Mama yake babu nilimjua, nilikuwa nimelisikia jina lake kila Shaabani tangu utotoni, na halikuwa lile. Lile lilikuwa jina la mke aliyeachwa Mombasa. Lilikuwa jina la Nyanya.

Nilifuta ubao wote.

Nilimweleza Baba kwanza, tukiwa kwenye kibustani kilicho karibu na ofisi yake mjini, ambako makarani walikula chakula cha mchana. Alinisikiliza hadi mwisho bila kula. Nilipomwambia kwamba, kwa maelezo ya shangazi, kila Ijumaa mzee yule alivaa shati safi akaenda mjini, akasimama ng'ambo ya barabara akiutazama msikiti mkubwa bila kuingia, Baba aliiweka chini chupa yake ya chai.

"Nilimwona," alisema.

Alikuwa ametoka kusali Ijumaa moja, mwaka ule ule tuliohamia Nairobi. Ng'ambo, kando ya muuza magazeti, alisimama mzee mwembamba amevaa kofia ya kizungu, anamtazama yeye tu katika umati wote ule. Baba alivuka barabara. Gari lilipita kati yao, na lilipokwisha kupita hapakuwa na mtu. Alizunguka vichochoro vyote vya pale hadi akachelewa kazini. Kwa miaka yote hiyo aliamini kwamba alikuwa ameona mzuka, na kwa aibu hakumwambia mtu.

"Kama angeniita," alisema. "Neno moja tu. Mwanangu. Basi."

Ijumaa iliyofuata nilikwenda nikasimama pale penye magazeti. Nilitaka kujua alikuwa akiona nini. Wanaotoka msikitini huchomwa na jua usoni, hukunja macho, hawaoni mbele. Lakini wewe uliye kivulini unawaona mmoja mmoja, sura yote, hata vishikizo vya kanzu. Nilimwona Baba akitoka, akivaa viatu, akiinua kichwa kutazama upande niliokuwa. Nilishindwa kumpungia mkono.

Nyanya aliambiwa chumbani kwake, Baba amekaa miguuni pake na mimi mlangoni. Alisikia habari ya dobi, ya ubatizo na ya mke wa pili bila kubadilika uso.

"Mke wa Unguja nilimjua," alisema. "Alikuwa akiniletea halua. Wa Lamu pia nilimsikia. Mabaharia huoa bandarini, hilo nililikubali siku nilipoolewa. Lakini Waithaka kuna bandari gani?"

Nikamweleza lile jina. Hapo akacheka kidogo, kicheko kikavu.

"Kanifanya mamake!" Kisha akanigeukia. "Alikufa lini?"

"Miaka kadhaa sasa, Nyanya. Tulikuwa tumeshakuja hapa."

"Hapa, nyumba hii?"

"Ndiyo."

"Na mimi nisisikie kitu." Alitazama mikono yake. "Nilidhani nitajua. Nilidhani kikombe kitaanguka, au mwili utasisimka, au nitamwota. Nimekaa humu nikifua nguo ya maiti, na sikusikia kitu."

Hilo ndilo lililomvunja, nadhani, kuliko wake wote.

Kesho yake aliomba maalim aitwe. Alitaka kukaa eda. Maalim alimweleza kwa upole kwamba eda huhesabiwa tangu siku mume alipokufa, si siku habari ilipofika. "Yako imekwisha zamani, bibi. Huna linalokulazimu."

"Ya kwake imekwisha," Nyanya alisema. "Yangu haijaanza."

Maalim aliinama, akaomba dua, akaenda zake. Nyanya alivaa nguo nyeupe, akavua bangili, akaingia katika chumba cha nyuma. Kwetu mjane aliye edani huitwa kizuka, neno lile lile tunalowaitia wanaotokea baada ya kufa, na miezi ile nilielewa kwa nini. Alipita ukumbini bila kutoa sauti. Mchana ungemwona dirishani, uso wake hauonekani, weupe tu nyuma ya kioo. Mayaya wa jirani waliacha kupitia upande wetu wa ua. Mmoja alimuuliza Mama kama ni kweli yule mzungu wa zamani aliyekaa nyumba ile alifiwa na mkewe mle ndani.

Nikawa mjumbe kati ya chumba kile na Waithaka. Shangazi nilimweleza pia lile jina lake lilikuwa la nani. Asubuhi kabla sijaondoka Nyanya aliniita na kunipa swali moja. Alasiri nilimletea jibu.

"Muulize kama alikuwa na mvi."

"Kichwa chote, shangazi anasema. Ndevu zilibaki nyeusi."

"Muulize kama alikula githeri yao, ya mahindi na maharagwe."

"Alikula, lakini alilalamika kwamba haina nazi."

"Muulize alilala upande gani wa kitanda."

Shangazi alikumbuka. Alikuwa amemwuguza. "Upande wa mlango," nilimwambia Nyanya. Alipumua, akasema, "Siku zote." Na nilipotoka nilimwona akisogea taratibu kwenye kitanda chake, akiuacha upande wa mlango wazi.

Swali lililoharibu mambo lilikuwa la Hali ya Hatari. Nyanya alikumbuka kwamba miaka ile ya vita vya msituni Wakikuyu walifungiwa vijijini, na watu wa makabila mengine waliachwa. Babu hakuwa Mkikuyu. Angeweza kuondoka. "Muulize mbona hakurudi pwani wakati ule."

Shangazi alinijibu akiwa amesimama shambani, jembe mkononi. Askari walimwambia baba yake achukue vitu vyake aende kwao Mombasa. Alikataa. Aliingia kijijini pamoja na mkewe na binti yao, akachimba lile handaki la kuwazunguka kama wengine wote, akapigwa kama wengine. "Alisema hawezi acha watu wake," shangazi alisema. Aliposikia maneno yake mwenyewe aliinamisha kichwa. "Pole, mwalimu. Ndivyo alisema."

Nilifikiria kusema uongo. Lakini Nyanya alinitazama usoni, na sikuweza. Nilimwambia yote. Alisikiliza, akavuta mtandio juu ya kichwa chake.

"Kwa hiyo alijua kukaa," alisema.

Tangu siku ile hakuniuliza swali jingine mpaka eda ikaisha.

Siku alipotoka edani alioga, akavaa bangili, akamwambia Baba aazime gari. Baba alikuwa hajaonana na dada yake. Kila nilipomtajia alisema bado. Siku ile aliendesha hadi Waithaka. Shangazi alikuwa akitusubiri njiani, amevaa gauni la kanisani, na Baba aliposhuka garini wakasimama wakitazamana. Ilikuwa sura moja, ya kiume na ya kike. Shangazi alianza kulia. Baba alimpa mkono kama mtu anayesalimiana na mkubwa wa ofisi, na mkono huo hakuuachia njia nzima hadi penye kaburi.

Kaburi lilikuwa mwisho wa shamba, lina msalaba wa mbao na jina lililochongwa. Nyanya hakujua kusoma herufi zile.

"Limeandikwa nani?"

Nikamsomea lile jina la ubatizo.

"Simjui huyo," alisema, akageuka kutaka kurudi garini. Alitembea hatua chache, akasimama. Kisha akarudi, akaketi kwenye majani kando ya kaburi, akaanza kusema. Hakuomba dua. Alisema kwa sauti ya mke ambaye mumewe amechelewa chakula. Alimwambia mvua ngapi ziliivujisha nyumba ya Mombasa, nani alimshika mtoto siku ya kutahiriwa, na jinsi alivyokwenda forodhani kila meli ilipoingia mpaka watoto wa mtaani wakamwimba. Alimwita mwongo, na halafu kwa jina lake la kweli, ambalo sikuwa nimewahi kulisikia kinywani mwake. Sisi tulisogea mbali. Upepo ulituletea vipande tu.

Alipomaliza, shangazi alituandalia chai ya maziwa nyumbani kwake. Alimkabidhi Nyanya kikombe kwa mikono miwili.

"Mimi nikuite nani?" alimuuliza. "Jina yako ni langu. Kwetu ni kama wewe ni mimi."

Nyanya alifikiri. "Niite mama," alisema. "Kama alivyosema yeye."

Shangazi akacheka. Nilikuwa nimeshakizoea kicheko chake, kinachoanzia chini kooni na kupanda kwa mikupuo. Lakini Nyanya alishtuka hadi chai ikamwagika kwenye leso, akatazama mlangoni nyuma ya shangazi kama yule aliyemngoja ameingia.

Shangazi alianza kuja kwetu baada ya hapo, siku za Jumapili kanisa likiisha, pamoja na mtoto wake mwenye miwani. Yeye na Baba walizungumza juu ya kabichi na karo. Nyanya alimsalimia, akamuuliza habari za nyumbani, kisha akajifungia chumbani kwake. Nilidhani hampendi. Siku moja nilipita ukumbini wakati shangazi alipokuwa akicheka sebuleni, na mlango wa Nyanya ulikuwa umeachwa wazi kidogo. Alikuwa ameketi kitandani, tasbihi imesimama kidoleni, macho ameyafumba, anasikiliza. Kicheko kilipokwisha alingoja kidogo, kama kitarudi. Hakikurudi. Akaendelea kuvuta tasbihi.